Lincoln, Mji wa Kulala

Lincoln haiko njiani kwenda popote. Treni kubwa za kutoka London kwenda kaskazini hupita Newark, na wengi wanaoitaka Lincoln hushuka hapo wakabadilisha. Chache ndizo zinazoingia moja kwa moja, safari ya kama saa mbili kutoka King's Cross. Kwa hiyo anayefika amekusudia. Mimi nilikusudia kwa sababu dada yangu ni muuguzi huko, amepanga katika zile nyumba za safu pembeni ya Monks Road, na alikuwa amechoka kunitumia picha za kanisa kuu huku namjibu kwa dole gumba la WhatsApp. Nilikaa kwake tangu mwisho wa baridi hadi miti ilipoanza kuchipua. Ninayoyaandika ni kwa Mswahili mwenzangu mwenye ndugu Uingereza ambaye, akishapata viza, atashawishika kuimaliza nchi nzima kwa wiki moja: London, Manchester, Edinburgh, picha, basi. Chagua mji mmoja ulale hapo.

Mji wenyewe ni kama nyumba ya ghorofa. Chini kuna stesheni, chuo kikuu, maduka makubwa, na bwawa la Brayford lenye boti na mabata maji meupe wanaodai mkate kwa ubabe. Juu kuna kanisa kuu, ngome, na mtaa wa Bailgate wenye nyumba za kulala wageni. Katikati ndiyo ngazi: mtaa unaoitwa Steep Hill, wa mawe, mkali kiasi kwamba kwa kila mita saba unazokwenda mbele unapanda moja, na mahali pengine wameweka chuma cha kushikia. Ukipanga chumba juu, mwambie dereva wa teksi akufikishe mlangoni. Sanduku la kilo 23 na mawe yale havipatani. Wenyeji nao hawashindani na kilima. Nilikuwa nawaona wazee wakisimama kila baada ya hatua kadhaa kutazama dirisha la duka la vitabu vya zamani, kisha dirisha la duka la chai, na ilinichukua muda kutambua kwamba hawanunui chochote, wanapumua.

Kwa dada tulikuwa na njia yetu. Kutoka Monks Road unavuka barabara ya Lindum, unapanda vidato vya Greestone, vyembamba, vina ukuta huku na huku, unapita chini ya tao la mawe na ghafla kanisa liko usoni. Unainua kichwa mpaka kofia inaanguka.

Sasa, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni eneo hilo ni la wageni. Mabasi yanashusha watu, watu wanapiga picha, wanakula keki, wanaondoka. Maduka mengi yanafunga saa kumi na moja. Baada ya hapo unabaki wewe, wenyeji wanaotembeza mbwa, na upepo. Saa hiyo ndiyo ya kuwapo. Kanisa kuu mchana lina kiingilio, na si kidogo ukikigeuza kuwa shilingi. Lakini anayekwenda kusali halipi, na karibu kila jioni, kwenye saa kumi na moja na nusu, kuna sala ya jioni inayoimbwa na kwaya. Unaingia, unaelekezwa nyuma ya ule ukuta wa mawe unaokata kanisa katikati, unakaa kwenye viti vya mbao vilivyochongwa katika karne ya 14.

Viti hivyo vinakunjwa kama vya sinema. Chini ya kila kiti, kikikunjwa, kuna kibao kidogo kimejitokeza, na chini ya kibao michongo: wanyama, watu, majani. Mzee mmoja wa kujitolea alinieleza kwamba makasisi wa zamani walitakiwa kusimama muda mrefu, na kibao kile kilikuwa huruma kwa miguu yao: unaegemeza makalio, wanaokutazama wanaona umesimama. Nilikijaribu wakati wa zaburi. Kinafanya kazi.

Mimi nimekulia Muheza, kwenye kanisa la Kianglikana la mkondo wa misheni ya Magila, kwa hiyo utaratibu wote ulikuwa wangu. Zaburi, somo, Wimbo wa Mariamu, somo, Wimbo wa Simeoni. Nilijua pa kusimama na pa kukaa kabla ya wengi wa waliokaa karibu nami. Lakini hata asiye wa dini hiyo anakaribishwa. Jioni moja mbele yetu alikaa binti mwenye hijabu, naona alikuwa mwanafunzi wa chuo, akasikiliza mpaka mwisho na hakuna aliyemuuliza kitu. Vaa koti zito. Baridi ya ndani ya kanisa lile inatoka kwenye mawe yenyewe, na imo humo tangu mwaka 1072.

Mwaka huo ndipo askofu Remigius alipoanza kujenga. Tetemeko la mwaka 1185 likalibomoa, akaja Hugh, mtawa kutoka Avalon, Ufaransa, akaanza upya mwaka 1192. Ukikaa kwenye viti vile ukatazama juu utaona kazi ya mafundi wake: mbavu za dari hazikutani katikati kama dari nyingine, moja inakwenda huku nyenzake kule, na jicho linatafuta mstari likakosa. Mnara wa katikati ukaanguka mwaka 1237. Ukajengwa mwingine, ukavishwa mchongoma, yaani mnara mwembamba wenye ncha, wa mbao na madini ya risasi ambao, kwa hesabu inayotajwa siku zote, ulifika mita 160 kuanzia mwaka 1311, ukaipita piramidi kubwa ya Giza. Mwaka 1548 upepo ukauangusha, na hawakuurudisha. Ninachopenda katika historia hii ni hiyo ya kuvunjika. Vipeperushi hupenda kusema kanisa "limesimama miaka elfu". Limeanguka mara kadhaa, na mpaka leo lina waashi wake wa kuajiriwa, wenye karakana yao, na upande mmoja daima una jukwaa la mabomba. Jirani na mafundi hao kozi wametaga juu ya mnara. Ukisikia njiwa wa Lincoln wametulia, ujue wanajua sababu.

Kila mgeni anatafuta kishetani. Ni sanamu ndogo ya jiwe, juu kabisa ya nguzo upande wa mashariki, mguu mmoja juu ya goti, anacheka. Hadithi inasema alitumwa kuharibu kanisa, malaika akamgeuza jiwe. Yumo kwenye vikombe, kwenye vitasa vya milango, na timu ya mpira ya mji inaitwa kwa jina lake. Mtazame, piga picha, kisha nenda upande wa kusini wa viti vya kwaya, mahali ambapo vikundi vya watalii hupita haraka. Kuna mabaki ya kaburi la mtoto anayeitwa Hugh, si yule askofu.

Mwaka 1255 mvulana huyu alikutwa amekufa kisimani. Watu wakasema Wayahudi wa Lincoln wamemwua kwa ibada. Mfalme Henry wa Tatu akaingilia mwenyewe. Myahudi mmoja akauawa hapo hapo, wengine 18 wakanyongwa London. Mtoto akafanywa mtakatifu wa watu, mahujaji wakaja, sadaka zikaingia. Miaka 35 baadaye Wayahudi wote wakafukuzwa Uingereza. Nyumba yao moja ya mawe, ya karne ya 12, bado iko kwenye mteremko wa kilima, na mtu anaweza kuipita akienda kununua soseji asijue. Kanisa limeweka kibao pale kaburini kinachosema wazi kwamba hadithi za namna ile zilikuwa uzushi, ziligharimu maisha ya watu wasio na hatia, na kinaomba msamaha kwa Mungu. Nilikisoma zaidi ya mara moja. Anayetoka nchi ambako bibi kizee amewahi kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu hasomi kibao kile kama historia ya Wazungu. Nimeona pia jinsi watu wanavyokisoma: wanafika mstari wa mwisho, wanatazama huku na huku kama wanaotafuta wa kumwambia, kisha wanakwenda kwa kishetani.

Ngome iko ng'ambo ya uwanja, hatua chache. William Mshindi aliijenga mwaka 1068. Watu wanalipa kuona Magna Carta, ile hati ya mwaka 1215 iliyomwekea mfalme mipaka, moja ya nakala nne zilizobaki, ndani ya chumba chenye giza kwa ajili ya kuilinda. Sawa, iangalie, ni ngozi moja yenye mwandiko mdogo uliobanana. Mimi niliganda kwenye jirani yake, Hati ya Misitu ya mwaka 1217, ambayo nakala zake za awali zimebaki mbili tu duniani, hii na ya Durham. Ile ya kwanza iliwahusu zaidi mabwana. Hii ilimgusa mtu mwenye nguruwe wawili. Wafalme walikuwa wametangaza maeneo makubwa kuwa msitu wa mfalme, na humo ukikutwa na paa unaweza kupoteza jicho au uhai. Hati ikasema hakuna tena atakayepoteza uhai wala kiungo kwa ajili ya mnyama wa mfalme. Atatozwa faini, akikosa atafungwa mwaka mmoja na siku moja. Ikarudisha malisho na desturi za waliozoea kuutumia msitu. Ikasema mtu huru akipata asali katika msitu wake, asali ni yake.

Sisi tuliokulia chini ya milima ya Usambara Mashariki, msitu wa Amani ukiwa juu yetu, hatuhitaji kuelezwa kesi za kuni. Nani anaingia, siku gani, na panga au bila panga, mgambo akikukuta unasema nini. Nilimweleza hayo mlinzi wa chumba, mama wa makamo, aliyekuwa amesimama tu akichoka. Akaniuliza maswali mengi: nani anapanga hizo siku? Na asali? Tukazungumza mpaka kundi la wanafunzi likaingia akaniacha. Ukiwa na mwongozaji anayehesabu dakika, mazungumzo hayo huyapati.

Gereza la ngome litazame pia, hasa kanisa lake. Kila mfungwa alikuwa na kibanda chake chenye mlango, akasimama humo kama chupa kwenye kreti, asimwone mwenzake, amwone kasisi peke yake. Watu wa karne ya 19 waliona hiyo ni njia ya kumfanya mtu atubu. Nilitoka haraka.

Kuhusu mji wa chini sina mengi. Daraja la High Bridge, la enzi za kati, lina nyumba juu yake, na ukiteremka ngazi unaona mto ukipita chini ya jengo. Upande mwingine kabisa, kaskazini mwa Bailgate, kuna tao la Newport lililojengwa na Warumi, magari bado yanapita chini yake, na mwaka 1964 lori lililogonga likaliharibu. Wakalipanga upya jiwe kwa jiwe, magari yakaendelea kupita. Nisingetegemea uamuzi huo kwa Waingereza, wanaopenda kuweka kamba kila mahali. Na kwenye bustani ya Arboretum, karibu na kwa dada, kuna simba wa kuchongwa ambaye watoto wote wa mtaa wamempanda. Dada husema ndiye Mwafrika wa kwanza aliyepata makazi ya kudumu Lincoln.

Chakula: soseji za huku zina majani ya mseji (sage), na mkate wao wenye zabibu kavu huliwa na jibini, jambo linaloonekana la ajabu mpaka ulionje. Lakini kilichonifurahisha ni sukuma wiki. Iko supamaketi, kwenye mfuko, imeshakatwa kizembe pamoja na vikonyo vyake, na mfukoni wameandika imelimwa Lincolnshire. Dada huimwaga mezani, hutoa vikonyo kimoja kimoja akinung'unika, kisha huikata upya nyembamba. Unga wa ugali unapatikana kwenye duka la Waafrika mjini.

Mboga hiyo ndiyo iliyonipeleka kusini mashariki kutazama inakotoka. Ukiiacha Lincoln nchi inalala chini. Hakuna kilima, hakuna kona. Mifereji iliyonyooka, mashamba ya kabichi na viazi mpaka macho yachoke, ardhi iliyonyang'anywa bahari na mabwawa kwa karne kadhaa na ambayo bila pampu maji yangeidai. Kwenye nchi bapa namna hiyo mnara wa kanisa la Boston, mji wa huko huko Lincolnshire, wenye zaidi ya mita 80, unauona muda mrefu kabla ya kufika. Watu wa vita ya pili ya dunia walijua faida ya minara hii: Lincolnshire ilijaa viwanja vya ndege za mabomu, na marubani waliorudi alfajiri walitafuta kanisa kuu la Lincoln ili wajue wamefika. Mjini Boston nusu ya maduka ya mtaa mmoja niliopita yalikuwa na maandishi ya Kipoland na Kilithuania. Wao ndio wanaokata hizo kabichi. Na Boston ndiyo iliyoongoza nchi nzima mwaka 2016 kwa kura za kujitoa Umoja wa Ulaya, karibu asilimia 76. Nilikula samaki na chipsi nikisikia lugha tatu kwenye foleni, nikaona bora nisikilize kuliko kuuliza.

Mabasi ya vijijini ni machache, na jioni hayapo. Nauli ya basi ina kikomo, paundi 3 kwa safari moja tangu Januari 2025, kwa hiyo hata mwendo mrefu wa kwenda pwani ya Skegness hauumizi. Ila tazama basi la mwisho la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Kwenye vijiji vya ndani utahitaji gari, na mimi nilingoja siku ya mapumziko ya dada kwa sababu nilikuwa na kijiji changu.

Kinaitwa Little Steeping. Ni nyumba chache na kanisa, njia ya kuelekea Skegness. Padri wake katika miaka ya 1860 alikuwa Edward Steere. Rafiki yake William Tozer alikuwa padri wa Burgh le Marsh, hapo jirani. Tozer alipofanywa askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, mwaka 1863 akamwomba Steere amsindikize. Mwaka uliofuata wawili hao wa mashamba ya kabichi wakawa Unguja. Steere akakaa na Waswahili akajifunza, akaandika. Alirudi Lincolnshire mwaka 1868, na ilikuwa katika miaka hiyo ya kurudi kijijini ndipo kitabu chake cha sarufi na kile cha hadithi alizosimuliwa Unguja vilipotoka London, 1870. Ile ya kima na papa, na moyo ulioachwa mtini, imo. Kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu cha hadithi limechapwa jina la mwandishi, na chini yake cheo: padri wa Little Steeping, Lincolnshire. Nililiona jina hilo zamani sana, kwenye nakala chakavu ya mwalimu wangu, nikadhani ni mahali pakubwa.

Baadaye akarudi Unguja, akawa askofu mwaka 1874, na akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Alifariki mwaka 1882, kaburi lake liko nyuma ya altare.

Mlango wa kanisa la Little Steeping ulikuwa umefungwa. Dada akapiga namba iliyobandikwa ubaoni, na baada ya muda akaja mama mmoja na ufunguo, gambuti miguuni, mbwa nyuma. Hakushangaa kuona Watanzania wawili. Alisema Steere anajulikana hapa, ila wanaomfuata ni wachache. Nikamweleza kwamba bibi yangu alijifunza kusoma kwa vitabu vya watu wale, na kwamba kanisa alilojenga lipo, linasaliwa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole mpaka akafika juu kabisa.

"Paa lake linavuja?"

Nikamwambia ninachosikia waongozaji wa Mkunazini wakisimulia: kwamba lilitengenezwa kwa matumbawe na saruji, bila boriti, na watu wakatabiri litawaangukia, na kwamba nguzo fulani mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu, askofu akaziacha hivyo. Habari ya nguzo ilimchekesha, lakini akarudi kwenye paa. Makanisa ya huku, alisema, yanaibiwa mabamba ya risasi ya paa usiku, mvua inaingia, na waumini wa kijiji kama hiki hawatoshi hata kujaza benchi tatu. Nyie kwenu mnapataje fedha za matengenezo?

Dada ndiye aliyejibu. Akamweleza mnada wa baada ya ibada: mtu hana fedha analeta kuku, mayai, mkungu wa ndizi; vinanadiwa nje ya kanisa, kuku mmoja anauzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamtoa tena sadaka, na mwenye sauti kubwa ndiye dalali. Yule mama akatoa kalamu kwenye koti akaandika nyuma ya bahasha. Akauliza kama lazima awe kuku hai.

"Akiwa hai bei inapanda," dada akasema.

Akafikiri kidogo, akasema kuku hai wanaweza kuwa na shida na bima, lakini kabichi wanazo.